Mazoezi kwenye lori

SWALI: Anko, shikamoo. Naendesha semitrela Dar hadi Lubumbashi. Kitambi kinakua, mgongo unauma. Vyuma vya mazoezi nitavifunga wapi humu kwenye kebini?
Dereva, Tandika

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Vyuma acha nyumbani. Breki moja ya ghafla kwenye kona za Kitonga, vitakufuata kisogoni. Beba mpira wa kuvuta na dumu la lita 5: likijaa maji ni kilo 5, ukimwaga ni jepesi. Mpira ufunge kwenye chasisi ya trela, si kwenye kioo wala kitasa. Injini izimwe, hendibreki juu. Foleni ya mpakani Tunduma inatosha kabisa kwa mazoezi, na watazamaji hawakosekani. Mikumi usishuke, kuna simba. Maumivu yakiteremka mguuni pamoja na ganzi, muone daktari kwanza.