Aliyeshindwa anabakiwa na nini?

Jarida hili limetuuliza wiki hii: uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025 una maana gani kwa mustakabali wa demokrasia nchini Tanzania? Ninajibu nikiwa Chake Chake, kisiwani Pemba, Zanzibar, ambako swali hili lina umri mkubwa kuliko vyama vyote vilivyosimamisha wagombea mwaka huo. Kwa maoni yangu, siku ya kupiga kura yenyewe hutueleza machache. Anayetaka kujua demokrasia inaelekea wapi amtazame aliyeshindwa: je, ameshindwa kwa hesabu anayoweza kuikagua, na je, baada ya kushindwa amebakiwa na nini?

Sisi wa Chake tuna sababu ya kuiheshimu hata kura moja. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilikitwaa kiti cha hapa kwa tofauti ya kura moja tu, kikafikisha viti 10, dhidi ya 9 vya chama cha ZNP na 3 vya chama cha ZPPP. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, pande mbili zikalingana, ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni, na ghasia zilizozuka zikaondoka na roho za watu 68. Julai 1963 ASP ikapata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini ikaambulia viti 13 kati ya 31. Uhuru ulikuja Disemba 10 mwaka huo, na Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Sidai kwamba Mapinduzi yalizaliwa na mipaka ya majimbo peke yake, kwani yalikuwa na mizizi mirefu zaidi ya hapo, ya ardhi, ya tabaka na ya asili za watu. Ninachosema ni kwamba waliopata kura nyingi wakakosa serikali hawakuiona njia nyingine iliyobaki wazi mbele yao.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, tatizo lilirudi navyo. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, Dkt. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha CUF kwa kura 1,565, yaani asilimia 50.2 kwa 49.8. Katika nchi iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu namna ile, mshindi alichukua kila kitu, kuanzia Ikulu hadi uteuzi wa masheha, wale viongozi wa shehia zetu, na nusu ya pili ikaambiwa isubiri miaka mitano. Kila nilipomsikia kiongozi akituhubiria kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, nilijiuliza mbona hamtaji mwamuzi. Methali ile inawafaa wachezaji wa bao, ambao kete zote zimo mbele ya macho yao wote wawili. Kilichofuata kwetu ni uchaguzi wa 2000, uliorudiwa katika majimbo 16, kisha Januari 27, 2001, siku ambayo waandamanaji walipigwa risasi hapa Pemba na wenzetu wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya, wakiwa wakimbizi. Muafaka wa 1999, yaani makubaliano ya CCM na CUF, ulikuwa umeshindwa, ikabidi uandikwe wa pili Oktoba 2001.

Ndiyo maana kura ambayo mimi huihesabu kuwa muhimu kuliko zote katika maisha yangu haikuwa na mgombea hata mmoja. Julai 31, 2010, baada ya Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na Maalim Seif kukutana Ikulu mwezi wa Novemba uliotangulia, tuliulizwa kama tunataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa, ikaweka Makamu wa Kwanza wa Rais kutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, pamoja na mawaziri wa pande zote mbili. Oktoba ya mwaka huo Dkt. Ali Mohamed Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif asilimia 49.1, matokeo yaliyofanana mno na yale ya 1995, lakini safari hii mtaa wetu ulilala usingizi. Watu hawakuwa wamebadilika tabia katika miaka 15. Kilichobadilika ni ukubwa wa hasara ya kushindwa.

Najua pingamizi la wakosoaji, nalo lina uzito: wapinzani wakiingia serikalini, nani atabaki kuisimamia serikali? Ni kweli Baraza la Wawakilishi, chombo chetu cha kutunga sheria, lilipungua makali katika kipindi kile. Hata hivyo, kama ni lazima kuchagua baina ya Baraza lililopoa na mitaa inayowaka, mimi nachagua la kwanza, na makali yatatafutwa baadaye.

Kisha ukaja mwaka 2015. Asiyepiga kura Zanzibar huenda asijue kwamba siku ile moja, katika kituo kile kile, mpiga kura wa hapa huhudumiwa na tume mbili: moja humpa karatasi za Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani, na ya pili humpa za Rais wa Muungano na mbunge. Niliwahi kukaa kituoni nikiwa wakala wa chama, kwa hiyo naijua kazi yenyewe. Jioni mlango hufungwa, sanduku hufunguliwa, karani huikunjua karatasi moja moja, huiinua juu mawakala waione, hutaja jina, na kila wakala huchora mstari katika daftari lake, minne wima na wa tano ukiikata. Zikipungua hata mbili, zinahesabiwa upya. Mwisho fomu hujazwa, mawakala hutia saini, na nakala hubandikwa ukutani pale pale, kwa kawaida ukuta wa darasa la skuli, ambapo hata mtoto anaweza kuisoma. Ni kazi ya kuchosha, na kwa hakika ni kazi nzuri.

Oktoba 28, 2015, fomu zikiwa bado zimebandikwa ukutani, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa na watu wale wale, katika vituo vile vile na siku ile ile, zikabaki halali. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF ikasusia, Dkt. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa wazi hadi Disemba 2020. Hadi leo sijasikia maelezo ya kuniridhisha juu ya jambo hili, na naamini vijana wengi waliokuwa wakipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka ule waliondoka na somo ambalo hakuna elimu ya uraia iliyoweza kulifuta.

Kwa hiyo 2025 ninaitazama kutokea hapo. Upande wa Muungano, Chadema haikuwemo katika uchaguzi, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa rumande kwa shtaka la uhaini, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Tume ikatangaza ushindi wa Rais Samia Suluhu Hassan kwa asilimia 97.66, huku miji ya Bara ikiwa katika machafuko, watu wakiuawa na intaneti ikiwa imezimwa, mambo ambayo baadaye yaliundiwa tume ya uchunguzi. Hapa visiwani Dkt. Hussein Mwinyi alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 74.8, na hapakuwa na moto mfano wa ule. Wapo wanaousifu utulivu huu kuwa ni ukomavu. Mimi nina shaka. Mtu anaweza kutulia kwa kuwa ameridhika, na anaweza kutulia kwa kuwa amekata tamaa na karatasi ya kura, na kwa macho hali hizi mbili hazitofautiki.

Mustakabali, basi, nitaupima kwa mambo ambayo hayana shamrashamra za kampeni. La kwanza ni uandikishaji. Mwananchi wa shehia hawezi kulikwepa neno la sheha anapotaka kutambuliwa kuwa ni mkaazi, na sheha ni mteuliwa wa serikali. Akisema "simjui", kijana aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka ofisini kwake ataanza kuzungushwa, na daftari litafungwa akiwa bado njiani. La pili ni kura ya mapema, inayopigwa siku moja kabla na watumishi wa uchaguzi na vyombo vya ulinzi, ambayo tangu 2020 imeongeza ugomvi kuliko ilivyorahisisha kazi. La tatu ni mahakama. Katiba ya Muungano inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, inayokaa Arusha, mlangoni petu, ilisema Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinakiuka haki. Kenya mwaka 2017 na Malawi mwaka 2020 majaji walifuta uchaguzi wa rais, na nchi zile hazikusambaratika. Malawi aliyekuwa ametangazwa mshindi alishindwa uchaguzi uliporudiwa, akaondoka madarakani.

Kwa upande wetu, sheria ya uchaguzi ya Zanzibar imo mikononi mwa Baraza la Wawakilishi, na uchaguzi ujao ni wa 2030. Kumwondoa sheha katika uandikishaji na kuirudisha kura ya askari na makarani katika siku moja na ya watu wote ni mambo yasiyongoja Katiba mpya ya Muungano, na yanaweza kuwasilishwa Chukwani, kwenye ukumbi wa Baraza hilo, katika kikao chochote kuanzia sasa.