Nimetoa themostati, mbona gari bado linachemsha?

Swali kutoka kwa msomaji wa Morogoro:

"Fundi, nina Toyota Vitz yenye injini ya 1300, na nimezoea kulitengeneza mwenyewe nyumbani. Mwaka jana lilianza kuchemsha nikipanda mlima wa Kitonga kwenda Iringa. Kwa ushauri wa jamaa wanaojua magari nilitoa themostati, ile vali inayoruhusu maji ya injini yaende kwenye rejeta kupoozwa, nikaunga feni izunguke muda wote, na baadaye nikafunga rejeta mpya. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini, ni ghali, kwa hiyo natumia maji ya bomba. Katika safari za mjini halichemshi tena, lakini petroli inakwenda sana, taa ya bluu inachelewa mno kuzima asubuhi, taa ya cheki injini imewaka, na juzi nilipopanda Kitonga lilichemsha vilevile. Kila baada ya siku chache naongeza maji ingawa sioni yanapovujia. Je, nifunge rejeta kubwa zaidi au nibadilishe pampu ya maji?"

Jibu:

Ndugu msomaji, usinunue rejeta nyingine, na pampu ya maji iache ilivyo mpaka ipatikane sababu ya kuigusa. Dalili nzito kuliko zote umeitaja mwishoni kama jambo la kupitia tu: maji yanapungua na huoni yanapovujia. Maji ya injini hayaishi kwa kutumika. Mfumo wake umefungwa, na gari zima hukaa miezi mingi bila kuongezwa hata kikombe. Yakipungua bila kudondoka chini ya gari, na bila kulowanisha zulia la mbele ambako hita imejificha nyuma ya dashibodi, kinachoshukiwa kwanza ni gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kilicho kati ya injini na hedi, sehemu ya juu inayofunika silinda: ama maji yanapenya kuingia kwenye silinda na kutoka kama mvuke kupitia ekzosi, ama gesi ya mwako inapenya kuingia kwenye maji na kuyasukuma nje kupitia tangi la akiba la maji ukiwa barabarani, mahali ambapo huwezi kuyaona.

Nitarudi kwenye gasketi. Kabla ya hapo sina budi kusema juu ya themostati, kwa sababu magari yanaingia gereji kila mara yakiwa hayana kifaa hicho, na mwenye gari akiulizwa hujibu kwa kujiamini kabisa kwamba nchi yetu ni ya joto na themostati iliwekwa kwa ajili ya nchi za theluji. Jibu hilo nimelisikia kwa madereva wa teksi, kwa walimu, kwa wahasibu na, kwa masikitiko, kwa watu wanaojiita mafundi na kulipwa kwa jina hilo.

Imani hii ingekuwa na maana kama themostati ingeshughulika na joto la hewa ya nje. Inashughulika na joto la injini. Injini kama ya kwako imebuniwa ifanye kazi maji yake yakiwa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi, gari liwe Tanga au Hokkaido. Mchana wa Morogoro wenye nyuzi 32 bado uko chini ya kiwango hicho kwa karibu nyuzi 50 au zaidi, na kwa injini hiyo ni baridi. Ndani ya kikopo cha shaba cha themostati mna nta. Maji yakifika nyuzi 82 hivi nta huyeyuka na kutanuka, ikasukuma vali ifunguke, na maji yakipoa springi huirudisha. Hakuna umeme hapo wala kompyuta, na bei yake haifikii ya tairi moja.

Jambo ambalo washauri wako hawakukueleza, na nina shaka kama wanalijua, ni kwamba katika injini nyingi kifaa hiki kinasimamia njia mbili kwa wakati mmoja. Kinapofungua njia ya kwenda kwenye rejeta, sehemu yake ya nyuma huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye injini bila kupoozwa. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Ukiwa mjini na mzigo mdogo, hutaona tofauti yoyote isipokuwa injini kuwa baridi kupita kiasi, na hapo ndipo unapodhani umetibu. Ukifika kwenye mlima mrefu, kwa gia ndogo, huku abiria wamejaa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta hata kidogo, na hata ukifunga rejeta ya lori haitapooza maji yasiyopita ndani yake. (Wapo pia wanaotetea themostati kwa hoja kwamba bila hiyo maji hupita haraka mno kwenye rejeta yakakosa muda wa kupoa. Nawashukuru kwa kuwa upande wangu, lakini hoja hiyo si sahihi; maji yale yale yanarudi kwenye rejeta tena na tena, na kasi peke yake haizuii joto kutoka.)

Taa ya bluu ilikuwa inakueleza haya yote kila asubuhi. Vitz na magari mengine madogo ya aina yake hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu inapopata moto kupita kiasi. Bluu ikikaa mpaka umeshafika kazini, maana yake injini inafanya kazi nje ya kiwango chake. Kompyuta ya gari, ikisoma kwamba injini bado ni baridi, inaongeza petroli, kwa hiyo malalamiko yako ya mafuta hayahitaji uchunguzi mwingine mpaka hili lirekebishwe. Petroli hiyo ya ziada haiishii kwenye ekzosi tu: huosha oili kwenye kuta za silinda na nyingine huchuruzika chini na kuchanganyika na oili ya injini. Chomoa kijiti cha oili unuse. Na taa ya cheki injini, ukiipeleka kwenye mashine ya kusomea, sitashangaa ikitoa msimbo P0128, ambao maana yake ni kwamba maji hayafikii joto ambalo themostati ilipaswa kulilinda. Umefuta dalili moja na kutengeneza tatu.

Feni uliyoiunga direkti nayo irudishwe ilivyokuwa. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa linapotembea lina tatizo la upepo, na hapo feni, rilei (swichi inayoipelekea umeme) na sensa yake ndivyo vya kuchunguza. Njia rahisi ya kuanza ni kuwasha kiyoyozi gari likiwa limesimama, kwa sababu katika magari mengi feni inapaswa kuanza kuzunguka papo hapo. Hukusema kwamba la kwako lilichemsha kwenye foleni. Lilichemsha mlimani, penye mzigo mkubwa, na hilo huelekeza kwenye mtiririko wa maji, rejeta iliyoziba, mfuniko uliochoka au gasketi. Feni isiyozimika haikuwa na la kutibu hapo, ila kuichosha mota yake na kuipoza zaidi injini ambayo tayari umeshaipoza kupita kiasi.

Kuhusu maji ya bomba nitasema kwa kifupi. Kulanti haiko pale kwa ajili ya baridi peke yake. Ina dawa za kuzuia kutu, inalinda pampu, na inachelewesha kuchemka. Hedi ya injini yako ni ya aluminiamu, na maji yenye chumvi huila taratibu na kuacha magadi kwenye mirija ile ile ya rejeta uliyoinunua juzi. Usichague kulanti kwa kutazama rangi, kwa kuwa kila kampuni ina rangi zake. Soma kopo kama inafaa injini za aluminiamu, na usichanganye aina mbili.

Mfuniko wa rejeta ndio kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote, na watu hubadilisha injini nzima kabla ya kuutazama. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko mzima unaoshikilia presha ya kama baa 1 huyapeleka mpaka karibu nyuzi 120 ndipo yachemke. Mfuniko wenye mpira uliopasuka unakunyang'anya nafasi hiyo yote, na mlima unaimaliza iliyobaki. Nunua wenye namba ile ile iliyoandikwa juu ya ule wa zamani, na usikubali kuuziwa wenye presha kubwa zaidi kwa madai kwamba ni bora.

Sasa gasketi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, jaza maji mpaka juu, funga, kisha washa. Shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ndani ya dakika ya kwanza au ya pili, kabla injini haijapata moto, presha hiyo haikuletwa na joto; imetoka kwenye silinda. Siku nyingine fanya hivyo mfuniko ukiwa wazi, kwa dakika chache tu, ukitazama viputo: vya mwanzoni ni hewa iliyonaswa, lakini vinavyotoka mfululizo bila kukoma, na kuongezeka ukikanyaga mafuta, si hewa. Hakikisho linapatikana kwa kipimo cha kemikali kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Maji yake ya bluu hugeuka njano yakikutana na gesi ya ekzosi. Fundi asiye na kipimo hicho na asiyefanya jaribio lolote kati ya haya, lakini anakutajia bei ya kufungua injini papo hapo, muage kwa heshima.

Majaribio hayo yakionyesha kwamba gasketi imekwenda, hapo kazi ya nyumbani iishie. Siwadharau wanaojitengenezea magari. Breki, plagi, oili na mikanda mtu makini anaviweza. Hedi ni jambo jingine. Ikishafunguliwa inapaswa kupimwa kwa rula iliyonyooka na vipimo vyembamba kama imepinda, na kwa injini nyingi ndogo za petroli za Toyota kikomo kinachokubalika ni milimita 0.05, ambayo jicho haliioni wala kidole hakiihisi. Imepinda, ipelekwe kwa mashine isawazishwe. Bolti zake hukazwa kwa mpangilio maalumu na toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, si kwa nguvu za bega na bomba lililorefusha spana. Nimeona gasketi mpya zikirudi zimeungua ndani ya muda mfupi kwa sababu tu hedi haikupimwa.

Vyovyote itakavyokuwa, themostati irudi. Nunua yenye joto linalolingana na la injini yako, na kabla ya kuifunga itie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba iliyochapwa juu yake, na kufikia nyuzi 95 iwe imeinuka milimita 8 hivi au zaidi. Pembeni mwa sahani yake utaona kijipini kinacholegea. Kwa kawaida hicho huwekwa upande wa juu ili hewa ipite. Ukishajaza kulanti, weka hita kwenye moto wa mwisho, acha mfuniko wazi na injini iwake taratibu mpaka hewa itoke, kwani wengi hulaumu themostati mpya kwa kosa la hewa waliyoifungia ndani wenyewe. Na usipande Kitonga kabla ya kipimo cha gasketi kufanyika, kwa sababu gari likichemsha mara moja zaidi, hedi inayoweza kusawazishwa leo inaweza kuwa ya kutupwa.

Barua yako si ya peke yake. Ushauri wa kutoa kitu unaenea kuliko ushauri wa kupima kitu, kwa kuwa kutoa ni bure, kunachukua saa moja, na gari huwaka baada yake. Ndivyo fyuzi inayoungua inavyobadilishwa na kipande cha waya mpaka nyaya za dashibodi ziyeyuke, ndivyo masega ya ekzosi yanayosafisha moshi yanavyotobolewa ili gari lipate nguvu, na ndivyo rejeta zinavyomiminiwa ute wa yai na bizari ya manjano kuziba tundu, kisha zikaziba mirija yote ya hita pamoja na tundu lenyewe. Anayekushauri hivyo hayupo unapokwama kwenye kona za mlima usiku, na hatakuchangia bei ya hedi. Mwulize swali moja kabla ya kushika spana: kifaa hiki kikitoka, ni nani atakayefanya kazi yake? Akikosa jibu, kiache mahali pake.

Wanaonunua magari yaliyotumika wajihadhari zaidi, kwa maana wananunua pamoja na vitu walivyotoa wenzao. Kabla ya kulipa, fika asubuhi injini ikiwa baridi, uombe isiwashwe mpaka uwepo. Geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime baada ya kuwasha. Ikiwa haiwaki kabisa, usipokee maelezo kwamba gari ni zima. Mara nyingi mtu ameshaitoa balbu, na ni juu ya muuzaji kueleza ilikuwa inaonya nini.