Shangazi Anajibu: "Nilimuoshea buti, akanipigia kelele"

SWALI

Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wanne hapa Arua, nauza vitenge sokoni. Wangu wa pili ana miaka 16, yuko S3, yani kidato cha tatu, shule moja ya bweni walimchukua sababu ya mpira wakatupa basari ya nusu ada, na hiyo nusu ndo ilifanya tukaweza. Kwenye mechi moja aliruka, akatua mguu mmoja huku mwili unageuka, mwenyewe anasema alisikia ndani ya goti kitu kinalia ta! kama kijiti kimekatika. Hakuna hata mtu alimgusa. Jioni goti limevimba kama papai. Wakampiga eksirei, wakasema mfupa mzima, apumzike. Tukampeleka kwa mzee mmoja anayekanda, akamkanda na mafuta ya shea wiki mbili, uvimbe ukashuka, akatembea vizuri, tukamshukuru Mungu. Halafu mwalimu wa michezo akapiga simu eti kuna mechi kubwa, mtoto akaenda, dakika kumi hazikufika goti likaachia tena, safari hii alilia kama mtoto wa chekechea.

Tumefika mpaka Kampala, wakampiga picha ya MRI, daktari anasema ligamenti ya ndani ya goti, ile kamba inayofunga mfupa na mfupa, imekatika na meniskasi, kile kinachokaa kati ya mifupa kama kimto, nacho kimechanika kidogo. Anataka kupasua. Baba yake ananilaumu mimi kwamba nilimruhusu kwenda. Shule inasema kama hachezi, basari itaangaliwa upya muhula ujao. Na mtoto mwenyewe haongei. Buti zake zilikuwa chini ya kitanda na tope la ile mechi bado limeganda, zamani alikuwa anazisugua kila Jumamosi na mswaki mkuukuu, basi usiku mi nikazitoa nikaziosha nikijua nitamfurahisha. Asubuhi alipoona nimezianika alinipigia kelele "nani alikwambia uziguse!" Hajawahi kunisemesha hivyo. Shangazi, nianzie wapi?

Mama wa Arua

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nimekwama kwenye hizo buti, tutazirudia, ila kwanza nikutue huo mzigo wa lawama.

Eksirei inaonyesha mfupa, ligamenti haionyeshi. Waliosema mfupa mzima hawakudanganya, ila walikupa nusu ya habari ukadhani ni yote. Dalili zilikuwepo, ule mlio, kuumia bila kugongwa na mtu, na goti kujaa siku ileile, maana uvimbe wa haraka hivyo mara nyingi ni damu imeingia ndani ya goti. Lakini mama wa vitenge utajuaje? Baba yake alijua? Na kuhusu mzee wa kukanda, ligamenti iliyokatika katikati haiungwi na mkono hata uwe na ufundi gani, uvimbe ulishuka kwa sababu muda ulipita. Usirudi kugombana nae, huna muda huo.

Hiyo iliyokatika, kama ni ile madaktari wanaita ACL, kazi yake ni kushikilia mfupa wa chini ya goti usiteleze mbele na usizunguke ovyo, ndo maana kijana anatembea barabarani vizuri kabisa ila akigeuka ghafla linaachia. Na kila likiachia meniskasi inaweza kuzidi kuchanika. Kwa hiyo mpira hapana, hata ule wa uani na wadogo zake hapana. Upasuaji wenyewe kwa kawaida hawaufanyi mbio mbio, wanapenda kwanza uvimbe uishe na goti linyooke lote, ila muulize daktari hiyo meniskasi inaweza kusubiri mpaka lini. Na goti likikwama, yani limejikunja halinyooki, hiyo sio ya kusubiri, rudi hospitali. Muulize pia kama mifupa ya kijana bado inakua, kwa umri wake hilo linaweza kubadilisha namna ya kupasua.

Sasa pesa. Hapa naona familia nyingi zinateleza. Wanauza mbuzi, wajomba wanatuma mobail mani, zote zinaishia chumba cha upasuaji, halafu fiziotherapia, yani mazoezi ya kurudisha nguvu za mguu, hakuna, mtoto anabaki na goti gumu na paja limekonda kama muwa. Arua mpaka Kampala ni karibu kilomita 500, hutaweza kupanda basi kila wiki. Kwa hiyo kabla hujakubali tarehe yoyote, chukua majibu yako nenda hospitali ya rufaa hapohapo Arua, uliza upande wa fiziotherapia kama watampokea baada ya upasuaji, na daktari wa Kampala awaandikie mazoezi ya kila mwezi kwenye karatasi. Uliza bei zaidi ya sehemu moja pia. Kisubi, barabara ya Entebbe, kuna hospitali ya CoRSU, wanajulikana kwa mifupa na kurudisha viungo kazini. Kuuliza ni bure.

Halafu mjiandae kwa miezi 9 angalau, mwanangu, sio mitatu. Mara nyingi wanachukua kano la mguu wake mwenyewe, nyuma ya paja au mbele ya goti, wanalipachika pale, na hilo kano linahitaji muda mrefu lishike. Shida ni kwamba mwezi wa pili wa tatu ataona amepona, atarukia boda, atakimbilia rolex, ile chapati ya mayai, kona ile, kumbe hapo ndo kano liko dhaifu kabisa. Na hapo ndo simu ya mwalimu italia tena! Vijana chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani, karibu mmoja kati ya wanne anakata tena, goti lilelile au la pili, na wanaorudi kabla ya miezi 9 ndo wanaumia zaidi. Atakayesema "cheza" ni daktari na fiziotherapia, baada ya kumpima mguu mbovu kama umekaribia nguvu za mzima, sio mwalimu na wala sio wewe. Kama nyumba yenu ni ya Arsenal (na Uganda hii nyumba gani haina mtu wa Arsenal), mkumbushe beki wao Timber, Agosti 2023, mechi yake ya kwanza ya ligi, goti, ACL, akaonekana tena kwenye ligi Mei 2024. Na yule madaktari wanamfuata mpaka alipo.

Basari muiendee wawili, wewe na mume wako, kwa hedimasta sio kwa mwalimu wa michezo, na barua ya daktari mkononi. Mtoto aliumia akiichezea shule, hilo mliseme kwa sauti ya kawaida bila kutisha mtu. Mwakani ana UCE, mtihani wa kumaliza S4, ombeni angalau wamuache aumalize. Na mtoto asiwe kwenye hicho kikao, asisikie anajadiliwa bei.

Haya, buti. Binti yangu aliwahi kuvunjika kifundo cha mguu akicheza netiboli, nikamfungia sare yake sandukuni asiione akaumia moyo. Siku nne hakunisemesha. Mi nilidhani namfichia maumivu, yeye alisikia mama anasema imekwisha. Lile tope la kijana wako ni la mechi yake ya mwisho, we umeliosha. Hukujua. Muombe msamaha hivyohivyo, "nilikosea kuzigusa," bila kuongeza "lakini," halafu zirudishe chini ya kitanda. Akitaka kwenda kukaa benchi na wenzake aende, asipotaka usimsukume. Ila akianza kutokula, halali usiku, au anasema hana maana tena, mwambie daktari siku hiyohiyo.

Na baba mpe kazi. Fiziotherapia akishamuonyesha kijana mazoezi ya kukaza paja akiwa amelala mguu umenyooka, kila jioni baba ndo ahesabu, moja mpaka tano, aachie, tena. Nadhani analaumu kwa sababu hajui mikono yake aiweke wapi.

Ukitoka kwa hedimasta niandikie walisemaje. Na ile karatasi ya basari, ipige picha na simu kabla hujawaachia.