Macan Turbo ya umeme, Hamburg hadi Munich
Ndugu yangu, umeuliza kama gari la Porsche, Macan Turbo ya umeme, itatoka Hamburg hadi Munich kwa kuchaji mara moja tu. Panga angalau mara mbili. Zile kilomita 591 ambazo Porsche inasema gari linafika betri ikijaa ni za vipimo vya WLTP, yaani jaribio rasmi la maabara. Ukikanyaga mpaka kilomita 180 kwa saa kwenye autobahn, barabara kuu za Ujerumani, upepo unakula betri vibaya mno. Mbio inazo: sifuri hadi 100 kwa sekunde 3.3. Cha kuchagua kwa makini ni chaja. Kwenye volti 800 inapanda asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 21 hivi. Kwenye volti 400 haivuki kilowati 135, yaani inachaji polepole zaidi. Na kituo kiweke kwenye ramani ya gari lenyewe, usitumie ya simu, ili betri ipashwe joto kabla hujafika, hasa majira ya baridi.