Haro huna? Burura fremu ya kitanda
Ndugu yangu, kwa hiyo nusu eka yako ya Likoni ambayo plau ishapita na haro ya kuvunjia mabonge huna, usikodi kitu bado. Nenda kwa wauza vyuma chakavu utafute fremu ya kitanda cha chuma, funga kipande cha wavu wa seng'enge kwa nyuma, juu weka matairi kuukuu mawili matatu yatie uzito, burura na trakta polepole, mara ya kwanza kwa urefu mara ya pili ukate kwa upana, mabonge yanavunjika yenyewe. Lakini tafadhali sana mnyororo ufunge chini pale pa kuvutia tela, usifunge juu ya ekseli, fremu ikinasa kisiki trakta inaweza kuinuka mbele ikakupindukia, na usipandishe mtoto juu yake ati ndo uzito, hilo nakuomba wallahi.

Udongo ufinye mkononi kwanza, ukibaki donge linanata ngoja, ukimomonyoka twende. Mimi huburura tena siku ya kupanda kung'oa magugu yaliyochipuka. Mahindi fukia kama sentimita 5, pojo pungufu kidogo, na uwahi masika, mchanga wetu wa pwani haukai na maji.