Macho mawili kisogoni: mambo ya kushika mapema kwa wanaoanza kusomea macho

Wanafunzi wengi huanza kwa kuchora jicho la kushoto likipeleka habari ubongo wa kulia, na la kulia ubongo wa kushoto. Futa mchoro huo. Kinachovuka ni nusu ya eneo la kuona, si jicho zima. Katika kila retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), nyuzi za neva za upande wa pua huvuka kwenye kiazma, yaani makutano ya neva za macho chini ya ubongo, na za upande wa sikio hubaki upande wake. Kwa hiyo kitu kilicho kushoto kwako, hata ukikitazama kwa macho yote mawili, huishia ubongo wa kulia. Chora upya kwa kalamu za rangi mbili, moja kwa kila jicho, na uangalie rangi zinakutana wapi.

Kwenye thalamasi, kituo cha kupokezana habari katikati ya ubongo, hazijakutana. Kiini chake cha jenikuleti, kinachopokea habari za macho, kina matabaka 6: la 1, 4 na 6 hupokea jicho la upande wa pili, na la 2, 3 na 5 jicho la upande uleule. Kariri mbili-tatu-tano, mengine yatajileta.

Kutoka hapo nyuzi hupanda hadi gamba la kuona, yaani sehemu ya uso wa ubongo inayoshughulikia kuona, kisogoni, na nyingi hutua tabaka la 4C la gamba hilo. Humo kila jicho lina ukanda wake, na kanda hupokezana mithili ya milia ya pundamilia. Kwa tumbili wa rhesus ukanda mmoja una upana wa nusu milimita hivi. Kwa binadamu unakaribia milimita 1. Panya wa maabara hana milia hii, usihangaike kuitafuta kwake. Elektrodi (waya mwembamba wa kupima seli) ikishushwa wima, seli zote inazozipitia hupendelea jicho lilelile. Ikipitishwa mshazari, upendeleo hugeuka kila inapoingia ukanda mwingine. Seli za 4C huitikia jicho moja tu. Zilizo juu na chini ya tabaka hilo, nyingi huitikia yote mawili, moja zaidi ya jingine. Hapo ndipo rangi zako zinapokutana.

Sasa shika neno ushindani, maana bila hilo matibabu utayakariri tu bila kuyaelewa. Mwaka 1963 watafiti Wiesel na Hubel walichapisha matokeo ya kushona kope za jicho moja la watoto wa paka. Baada ya miezi 2 hadi 3 jicho lilifunguliwa. Retina ilikuwa nzima, lakini karibu hakuna seli ya gamba iliyoliitikia. Paka mkubwa akifanyiwa vivyo hivyo hapati hasara hiyo. Na macho yote mawili yakifungwa, seli nyingi bado huitikia, ingawa si vizuri. Kwa hiyo giza peke yake si maelezo ya kutosha: jicho lililo wazi hunyakua nafasi ya mwenzake. Kwa tumbili milia ya jicho lililofungwa huwa myembamba, na ya jirani hupanuka.

Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho (ukungu wa lenzi) mzito upande mmoja hatakiwi kusubiri: lengo ni upasuaji ndani ya wiki 6 hivi za kwanza. Upasuaji ukiisha kazi ndiyo inaanza, kwa lenzi sahihi na kiraka cha kuziba jicho zima, yaani lile lisilo na tatizo, ili lisimnyang'anye mwenzake nafasi. Kibandike kwenye ngozi, kizibe pande zote. Kikibandikwa juu ya kioo cha miwani mtoto huinamisha kichwa na kuchungulia pembeni, na saa zote ulizohesabu zinakuwa bure.

Kwa jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo haujajifunza kulitumia vizuri, la kiwango cha kati, umri wa miaka 3 hadi 7, anza na miwani, kisha kiraka saa 2 kwa siku. Utafiti uliolinganisha saa 2 na 6 ulipata maendeleo sawa. Ukilazimika kuziba siku nzima, mwite mtoto kliniki kila baada ya wiki zisizozidi idadi ya miaka yake: wa mwaka 1 baada ya wiki 1, wa miaka 3 baada ya wiki 3. Kila anapokuja pima macho yote mawili, kwa sababu jicho zima lililozibwa mno nalo hunyang'anywa nafasi.