Msimamizi wa mirathi si mrithi

SWALI: Mume wangu alifariki mwaka jana, akaniachia watoto wanne na shamba la michikichi huku Kigoma Vijijini. Baada ya matanga, ukoo ulimchagua shemeji awe msimamizi. Sasa anavuna peke yake, nasikia ameshapata mnunuzi. Anasema msimamizi ndiye mwenye shamba. Kuna bwana ananidai laki mbili aniandikie "hati ya mjane". Nifanyeje?

JIBU: Pole kwa msiba, mama. Hati ya mjane haipo. Huyo bwana ni kishoka. Laki mbili zako wanunulie watoto madaftari.

Neno lililowaponza wajane wengi ninaowahudumia ni hilo "msimamizi". Watu wanalisikia kama "mrithi". Msimamizi ni mtumishi tu: anakusanya mali, analipa madeni, anawagawia warithi, kazi yake imekwisha. Tena shemeji yako huenda hata hajafika huko, maana ukoo unapendekeza, anayeteua ni mahakama. Akiwa na muhtasari wa kikao peke yake, hana mamlaka ya kuuza hata dumu la mawese.

Nenda mahakama ya mwanzo ya eneo alikoishi marehemu, muulize karani kama shauri la mirathi limefunguliwa. Kama bado, lifungue wewe. Ruhusa ya shemeji haihitajiki. Kama lipo, weka pingamizi. Na kama ameshateuliwa, kanuni za 1971 zinampa miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni yote. Asipofanya hivyo bila sababu, mrithi anaweza kuomba uteuzi utenguliwe.

Watakwambia mwanamke hana chake kwenye ardhi ya ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke au mtoto ardhi. Kama mirathi inakwenda Kiislamu, mjane mwenye watoto ana moja ya nane, na watoto wana mafungu yao. (Wakianza habari za kurithiwa na shemeji, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakuacha uolewe na umtakaye, au usiolewe kabisa.)

Hawa vishoka sasa wamezidi. Wanashinda nje ya mahakama, faili kwapani. Mjane mmoja alisainishwa "maombi ya mirathi", kumbe hati ya mauziano, na muhuri wa kijiji ukagongwa juu yake. Akina mama, karatasi msiyosomewa na mtu wenu msiitie dole gumba. Msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya sheria ya 2017 hamdai mjane asiye na uwezo hata senti. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii awaelekeze aliko.